Maji ya Nairobi: Mashine Zililetwa, Sasa Nani Ameshika Spana?

Saa kumi na moja kasoro asubuhi, Alhamisi. Kwa ploti yetu hiyo ndiyo saa ya mitungi. Husikii jogoo. Unasikia plastiki ikigonga simiti kwa ngazi, halafu keateka akipiga nduru huko chini: "Maji ndio hayo! Mtakuja ama nifunge?" Ukilala dakika ishirini zaidi, pole yako. Utangoja jamaa wa mkokoteni na bei yake ya siku hiyo, na hiyo bei hakuna mtu anajuanga inatoka wapi.

Mathe wa chapo hapo geti huwa wa kwanza kwa laini. Bila maji haezi kanda unga, bila unga hakuna chapo, na bila chapo mtoto wake anatumwa nyumbani kuchukua fee. Kwa hivyo tukiongelea maji hapa, tunaongelea doo, shule na afya zote mara moja.

Kama unaishi Nairobi na hauko kwa zile estate za borehole na tenki kubwa, hii story unaijua. Kitu hatuongeleangi ni hii: kwa zaidi ya miaka kumi, hii city imekuwa ikiletewa teknolojia safi za maji na mazingira. Mashine za maji za kadi, mabomba ya hewani, choo za kutengeneza mbolea, gesi ya kutoka kwa choo, mita za kusoma na simu. Karibu zote zilikuja kwa ushirika: serikali hapa, kampuni ya majuu pale, shirika la mtaa katikati. Zote zilizinduliwa na utepe, hema, viti vya plastiki na tisheti za bure.

Zingine bado zinachapa kazi fiti. Zingine siku hizi ni mahali pa kuanika nguo. Kwa nini?

Nimefuatilia hii maneno kwa muda, na naona jibu haliko sana kwa mashine. Liko kwa makubaliano: nani anatengeneza ikiharibika, nani anashika pesa, na nani alipoteza kazi wakati hiyo mashine iliingia.

Kwanza tufanye hesabu kidogo

Mimi chuo niliacha kabla nimalize, so hizi hesabu ni za kalkuleta ya simu. Lakini nifuate tu.

Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a. Lilimalizika 1994, linabeba karibu mita za ujazo milioni 70, na ndilo huletea city zaidi ya asilimia 80 ya maji yake. Mwaka huo Nairobi ilikuwa na watu chini ya milioni 2. Sensa ya 2019 ilihesabu milioni 4.4. Bwawa halijaongezeka saizi, sisi ndio tumeongezeka.

Kwa miaka mingi city ilikuwa inapata karibu lita milioni 525 kwa siku, na mahitaji yashapita lita milioni 800. Hapo ndipo ratiba ya mgao inatokea. Ndio maana mtaa wako una "siku ya maji" kama venye kanisa ina siku ya ibada.

Serikali ikachimba. Mwaka wa 2022 Rais Uhuru Kenyatta alizindua handaki la Northern Collector, kilomita 11.8 chini ya milima ya Murang'a, kuchukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini. Lengo lake ni kuongeza lita milioni 140 kwa siku. Hiyo ni kazi kubwa, hakuna mtu anabisha.

Sasa ngoja hapa. Kuna bodi inaitwa WASREB, ndiyo hudhibiti kampuni za maji nchini. Ripoti zake zimeonyesha kwa miaka kwamba Nairobi hupoteza karibu nusu ya maji inayotoa. Kupoteza hapa kunamaanisha maji yametibiwa, yamesukumwa, lakini hayakulipiwa. Yamevuja, yameibwa, ama mita imedanganya. WASREB yenyewe inasema kampuni inayojiheshimu haifai kupita asilimia 25.

Chukua hizo lita milioni 525. Nusu ni kama milioni 260. Ukishusha hasara kutoka nusu hadi robo, unaokoa karibu lita milioni 130 kila siku. Hiyo karibu ilingane na handaki zima, na hujachimba mlima wowote. Umebadilisha mabomba ya zamani, umeweka mita zinazofanya kazi, na umekata laini za wizi.

Lakini usifurahi haraka. Hayo maji "yaliyopotea" si yote yamemwagika kwa mchanga. Mengine yako kwa mtungi wako. Yaliibwa kwa bomba kubwa, yakapitishwa kwa paipu nyembamba kwa mtaro, na yakauziwa mtaa na makateli. Ukikata hiyo laini bila kuleta nyingine halali, umeokoa takwimu ya ofisi na umeacha mathe wa chapo bila maji. Hapa ndipo miradi mingi hukwama.

Mathare na ATM ya maji

Mwaka wa 2015 Kampuni ya Maji ya Nairobi na Grundfos ya Denmark walileta Mathare mashine za maji ambazo kila mtu aliziita ATM. Unagusisha kadi, mashine inakata salio, maji yanatoka. Salio unaongeza kwa simu. Bei ilikuwa senti 50 kwa mtungi wa lita 20.

Hebu tuipime. Lita 1,000 ni mitungi 50. Kwa senti 50, hizo lita 1,000 ni 25 bob. Kwa bei ya bob 5, yenye mitaa mingi tumezoea, ni 250. Na siku maji imepotea na jamaa wa mkokoteni ameamua mtungi ni mbao, hizo lita 1,000 ni thao mzima. Maji ni ileile. Tofauti ni nani ameketi katikati.

Ndio maana hiyo mashine haikuwa tu mashine ya maji. Ilikuwa inakatia mtu riziki. Mtu wa katikati si lazima awe gaidi mwenye panga. Mara nyingi ni beshte yako aliyeweka tenki, akalipa vijana wa base, akahonga mtu fulani ili laini yake isikatwe. Ukileta mashine ya senti 50 bila kumpa huyo jamaa kazi nyingine, kwa mfano kuwa mwendeshaji wa hiyo mashine kwa asilimia inayojulikana, utashangaa venye bomba litapasuka usiku na hakuna mtu ameona.

Shida ya pili ni rahisi kabisa. ATM haitengenezi maji. Bomba likiwa kavu, hiyo mashine ni kabati ya chuma. Salio liko, kadi iko, skrini inawaka, maji hakuna.

Ya tatu imenipata mwenyewe. Kwa mtaa niliokuwa naishi kabla ya huu, tuliletewa mashine ya kadi, sitaitaja ni ya nani. Miezi ya kwanza ilikuwa moto. Tulikuwa tunapiga picha nayo. Halafu skrini ikazima. Tukaambiwa kuna kipuri kinangojewa. Kwa kadi yangu kulikuwa na soo na kitu. Nikapiga nambari iliyobandikwa kwa mashine, ikaita wiki ya kwanza, wiki ya pili ikawa imezimwa. Hakuna mtu kwa mtaa mzima alikuwa na ufunguo wa kufungua hicho kisanduku, na tuna mafundi wanafungua simu na injini za boda kila siku. Mpaka nahama, mashine ilikuwa imebaki hapo, na mtoi wa jirani alikuwa anaitumia kama goli.

Hiyo soo haikuniua. Lakini watu 300 wakipoteza soo kila mmoja, hizo ni thao 30 za mtaa mmoja. Na ukija tena na mashine nyingine, hata kama ni poa kuliko ya kwanza, nani atakuamini?

Kibera waliangalia juu

Kibera kuna kitu tofauti. Shirika la SHOFCO, lililoanzishwa na Kennedy Odede 2004 akiwa kijana wa hapohapo, liliamua kupitisha mabomba ya maji hewani, juu ya nguzo, mpaka kwa vioski.

Ukisikia mara ya kwanza unacheka. Lakini fikiria. Mabomba ya kawaida ya mtaa yanapita chini, mengi ndani ya mtaro wa maji taka. Bomba likiwa limejaa, maji yanavuja kwenda nje. Siku ya mgao, presha ikishuka, ile nyufa inafanya kinyume: inavuta uchafu wa mtaro ndani. Maji yakirudi kesho yake, ya kwanza kutoka ndiyo hayo. Kenya ilikuwa na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 na Nairobi haikusazwa. Hiyo ni biolojia ya darasa la sita, haihitaji profesa.

Bomba likiwa hewani, uchafu haulifikii. Na kitu kingine: mwizi anaonekana. Kutoboa bomba lililozikwa ni kazi ya dakika mbili za giza. Kutoboa lililo juu ya nguzo, kila mtu anakuona umepanda. Teknolojia yenyewe ni bomba na nguzo, hakuna kitu cha maajabu. Ujanja uko kwa kujua mtaa.

Choo imekuwa biashara, usicheke

Maji yakiingia lazima yatoke, na hapa ndipo Nairobi inaumia zaidi. Watu wengi wa mitaa ya mabanda hawajaunganishwa na bomba la maji taka. Kwa hivyo mzigo unaishia kwa shimo, kwa mtaro, halafu kwa mto. Ule mto unapita Mathare na Korogocho ukielekea Athi, na kule chini kuna watu wanamwagilia sukuma nao. Hizo sukuma zinarudi soko. Mzunguko umekamilika.

Kuna njia tatu za Kenya ambazo ziko tayari, na zote ni za ushirika.

Ya kwanza ni ya Sanergy, iliyoanzia Mukuru na choo za Fresh Life. Badala ya kuchimba shimo, choo ina chombo kinachofungwa. Kinachukuliwa na wafanyakazi, kinabadilishwa, na mzigo unapelekwa kiwandani. Huko wanafuga funza wa nzi mweusi, wale wanaitwa nzi askari. Funza wanakula uchafu, wananona, wanakuwa chakula cha mifugo, na mabaki yanakuwa mbolea. Mkulima ananunua. Choo yako imelisha kuku wa mtu.

Ya pili iko Nakuru. Kampuni ya maji ya huko, pamoja na washirika kama SNV na Umande Trust, walianza kukausha mzigo wa choo, kuuchoma kwa joto kali, kuuchanganya na vumbi la mbao lililochomwa na molasi, na kufinyanga makaa. Brandi inaitwa Makaa Dotcom. Haina harufu, na kila gunia la hayo makaa linapunguza haja ya kukata miti mahali. Watu wa Naks mnaweza kutuambia kama githeri inaiva vizuri.

Ya tatu iko Kibera, zile jengo za duara za Umande Trust. Chini kuna tanki linalotengeneza gesi kutoka kwa choo, juu kuna choo na bafu za kulipia, na juu zaidi kuna ukumbi wa kukodisha. Vikundi vya mtaa ndivyo vinasimamia. Gesi inapika chai, ukumbi unaleta kodi, na kodi inalipa mtu wa kuosha choo.

Angalia kitu hizi tatu zinafanana nacho. Kila moja ina kitu cha kuuza: mbolea, makaa, ukumbi. Fedha za wafadhili zilianzisha, na bado zinasaidia, lakini kuna mlango wa pesa kuingia hata mfadhili akisota. Mradi ambao hauna mlango kama huo unaishi vile mwanafunzi wa HELB anaishi. Siku pesa imechelewa, maisha inasimama.

Lakini tusidanganyane pia. Kuuza mbolea hakuwezi kulipia usafi wa city nzima. Hata kule Westlands na Kilimani bomba la maji taka halikujengwa na pesa ya kuuza mbolea. Lilijengwa na pesa ya umma. So mtu akikuambia watu wa Mukuru wajilipie kila kitu juu "ni biashara", muulize kama yeye alijilipia bomba la kwake.

Wale wa Murang'a je?

Kuna upande sisi wa Nairobi tunasahau. Maji yetu yanatoka kwa shamba za watu. Mvua ikinyesha kwa mteremko uliolimwa vibaya, udongo unateremka mpaka bwawani. Bwawa linajaa matope, na kampuni inatumia kemikali na umeme zaidi kusafisha.

Machi 2015 kulianzishwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wa kwanza wa aina yake Afrika. Ndani yake kulikuwa na The Nature Conservancy, Kampuni ya Maji ya Nairobi, KenGen, Coca-Cola na watengenezaji bia wa EABL. Wazo ni simpo: anayetumia maji chini amsaidie mkulima wa juu kulinda udongo. Mkulima anapata miche, mafunzo ya kuchimba matuta, nyasi za kushika ukingo na vidimbwi vya kuvuna mvua. Hesabu waliyofanya mwanzo ilisema dola milioni 10 zikiwekwa, faida ingekuwa dola milioni 21.5 kwa miaka 30.

Mimi naipenda hii juu inaonyesha teknolojia si lazima iwe na skrini. Tuta la udongo na mstari wa nyasi ni teknolojia. Na pia ni ushirika ambao kila mtu anajua anapata nini: mkulima anapata lishe ya ng'ombe leo, si ahadi ya mazingira ya 2050.

Tofautisha na lile handaki. Hapo wakazi na viongozi wa Murang'a walilalamika kwa miaka kwamba mito yao inachukuliwa na wao wenyewe hawana bomba nyumbani. Ni uchungu kukaa kando ya maji ya Nairobi ukiwa umebeba mtungi. Ushirika ambao upande mmoja unasikia ameibiwa una tarehe ya kufa, hata kama simiti ni ya miaka mia.

Mukuru walianza na watu

Agosti 2017, kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango. Hapo kuna kama familia laki moja. Kanuni za kawaida za ujenzi zilisimamishwa ili watu wapange mtaa wao bila kubomolewa. Muungano wa Wanavijiji, mashirika mengine na vyuo vikuu waliingia. Nyumba kumi zikafanya kikundi kidogo, vikundi vikaungana, mpaka kila kona ikawa na mtu wa kuongea.

Moja ya vitu walitaka ni bomba za maji taka za aina rahisi: nyembamba, hazizikwi chini sana, zinapita kwa vichochoro ambavyo tingatinga haliwezi kuingia. Hiyo mbinu ilikomaa Brazil, na inafaa mtaa wa nyumba zilizobanana. Lakini haifanyi kazi kama majirani hawaelewani, juu mtu mmoja akitupa matambara kwa choo, kumi wanaziba. Kwa hivyo vikundi vya nyumba kumi havikuwa siasa ya bure. Ndivyo vipuri vya hiyo bomba.

Linganisha na Aprili 2024. Mvua kubwa ilimwagika, Mathare ikafurika, watu wakapoteza maisha na nyumba, halafu tingatinga zikaja kubomoa karibu na mto. Watu wakaambiwa wahame mita 30. Mto ulihitaji nafasi, hiyo ni kweli. Lakini watu walihamishwa kabla hawajajua wanaenda wapi. Mwaka uliofuata, Machi 2025, Rais Ruto alizindua kazi ya kurejesha mito ya Nairobi. Mto safi kila mtu anataka. Swali langu ni kama waliokaa kando yake watakuwa kwa kikundi cha kupanga, ama watakuwa kwa kikundi cha kuhama.

Gigiri iko hapa tu

Hii nayo inachekesha. Makao makuu ya UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, yako Gigiri. UNEP hiyohiyo ilianzisha 1992 kituo cha teknolojia za mazingira kule Japani, kikiwa na kazi ya kusaidia nchi kama zetu kupata teknolojia safi za miji na maji. Wataalamu wa dunia wanakutana Gigiri kila mwaka, na ukitoka geti ukashuka kidogo tu, uko Githogoro, mtaa wa mabati.

Silaumu mikutano. Kuna vitu hutoka huko. Lakini umbali kati ya mkutano na mtungi haupimwi na kilomita. Unapimwa na ile karatasi inayosema nani atafanya nini baada ya wageni kupanda ndege.

Maswali matatu ya kubeba kwa uzinduzi

Najua utasema, "Sasa mimi na wewe tutado?" Manze, si tulisoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu? Watu waliutafsiri kwa TikTok mpaka kwa lugha za mama. Mkataba wa kioski cha maji ni mfupi kuliko huo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Haikusema "kila mtu mwenye tenki".

Siku mradi unakuja mtaa wako, chukua hiyo tisheti, kula hiyo soda, halafu inua mkono uulize:

Moja, spana iko kwa nani? Kuna fundi wa hapa mtaani amefundishwa na kupewa vipuri? Ikiharibika Jumamosi, inatengenezwa siku gani? Kama jibu ni "tutatuma timu", hapo hakuna jibu.

Mbili, doo inaenda wapi? Bei imeandikwa mahali kila mtu anaona? Ya kila mtungi, ni senti ngapi za kampuni ya maji, ngapi za mwendeshaji, ngapi za akiba ya kutengeneza? Bila akiba ya kutengeneza, huo mradi unahesabu siku.

Tatu, nani anapoteza? Muuza maji wa zamani amepewa nafasi gani? Wale walio juu mlimani wamepata nini? Walio kando ya mto wanaenda wapi? Anayepoteza asipokuwa kwa meza, atakuwa kwa bomba usiku.

Na kuna kitu kimoja hatuhitaji kungoja mtu yeyote. Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Paa la ploti la mita 200 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha jioni moja, ni lita 4,000. Hiyo ni mitungi 200. Kwa bob 5, ni thao moja imepita kwa mfereji ikaenda kujaza barabara. Si ya kunywa bila kuchemsha na kutibu, lakini choo, nguo na sakafu hazijali. Landilodi anahitaji mifereji ya paa na tenki, na wapangaji wakigawana gharama na kuandikiana, huo pia ni ushirika. Mdogo, bila utepe.

Kwa ploti yetu tulijaribu kuongea hiyo maneno mwezi uliopita. Landilodi alisema atafikiria. Keateka alisema tenki likija yeye hataamka tena saa kumi usiku, kwa hivyo ana kura moja. Mathe wa chapo hakusema mengi. Aliuliza tu tenki litakuwa na kufuli, na ufunguo utakaa kwa nani.

Watu wa suti na slaidi zao hawajawahi kuuliza swali poa kuliko hilo. Tuliahirisha mkutano juu hakuna mtu alikuwa na jibu. Tunakutana tena Jumapili.